Kayaki kuukuu si hatari, hatari ni kutojitayarisha

LIKIZO ndefu ya Desemba inapokaribia, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret huanza kuweka senti pembeni ili ziweze kuteremka pwani. Wewe msomaji huenda ni mmoja wao. Siku ya kwanza ni ya kuoga baharini, ya pili ni ya kuzuru Fort Jesus, na ifikapo siku ya tatu watoto huanza kuuliza, "Baba, leo tunafanya nini?"

Mojawapo ya majibu ya swali hilo ni kayaki, yaani kile chombo chembamba mfano wa mtumbwi, ambacho mtu huketi chini na kukiendesha kwa kafi lenye bapa mbili, moja kila upande. Hakihitaji petroli, hakina kelele, na kinaweza kupenya kwenye vijia vya mikoko ambako mashua haifiki. Lakini kayaki mpya ni ghali kwani huletwa kutoka ng'ambo. Ndiyo maana watu wengi, hasa wanafunzi wanaochangiana pesa, hujipatia kayaki iliyokwisha kutumika miaka mingi na mtu mwingine.

Je, chombo kama hicho chafaa kuingizwa baharini? Na ukikipata, utaipangaje safari ili wote mliotoka asubuhi mrudi jioni mkiwa wazima? Hayo ndiyo tutakayoyazungumzia leo.

UMBU LA MTUMBWI

Jina kayaki ni geni, lakini chombo chenyewe si kigeni sana kwa Mswahili. Wainuiti wa Greenland na nchi za barafu za Kaskazini ndio waliokiunda kwa ajili ya kuwindia sili. Kwa kuwa kwao miti ni adimu, waliunga mbao za kuokota ufuoni na mifupa ya wanyama, kisha wakaivika mifupa hiyo ngozi ya sili. Babu zetu wa pwani, waliojaliwa miti mikubwa, walichonga gogo wakapata mtumbwi. Haja ilikuwa moja, mali ghafi ndiyo iliyotofautiana.

Mtu mmoja aliyevijaribu vyombo vyote viwili ni Hannes Lindemann, daktari wa Kijerumani aliyefanya kazi Liberia. Mwaka 1955 alivuka Bahari ya Atlantiki akiwa peke yake ndani ya mtumbwi wa gogo wa Kiafrika. Mwaka 1956 akaivuka tena, mara hii kwa kayaki ya kukunjwa yenye urefu wa mita 5 na kitu, iliyokuwa na tanga dogo. Alitoka visiwa vya Canary na kufika kisiwa cha St. Martin, Karibi, baada ya siku 72. Njiani kayaki ilipinduka, naye akalazimika kuukumbatia mkuku usiku kucha katika dhoruba.

Hatukusimulii kisa hiki ili nawe uende ukavuke bahari kuu. Linalofaa kukumbukwa ni kwamba Lindemann alijitayarisha kwa miezi mingi, mwili na akili, na kayaki ilipopinduka hakukiacha chombo chake. Mambo hayo mawili, matayarisho na kushikamana na chombo, ndiyo yanayomwokoa hata mwanafunzi anayetembea mwendo wa kilomita 2 tu.

KAGUA KABLA YA KUTOA PESA

Kayaki nyingi utakazoziona hapa nchini ni za aina mbili. Kuna za plastiki nzito, na kuna za faiba, yaani nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa rezini. Ya plastiki huvumilia kugongwa na mawe, lakini haivumilii jua. Ya faiba ni nyepesi na yenda kasi, lakini ikigonga mwamba hupasuka.

Ukipelekwa kuona kayaki kuukuu, usikimbilie rangi yake. Ipeleke mahali penye mwangaza na ufanye hivi:

Kwanza, ipinde chini juu na uitazame kutoka omo hadi tezi kwa jicho moja, kama fundi atazamavyo ubao. Mkuku uwe umenyooka. Uliojipinda utaifanya kayaki ivute upande mmoja na kukuchosha mikono siku nzima.

Pili, pitisha kiganja juu ya plastiki. Ukitoka na unga mweupe kama wa chaki, na rangi imefifia, jua jua limeshaila. Bonyeza kwa kidole gumba sehemu iliyofifia sana. Ikiwa kuna nyufa ndogo ndogo kama za udongo uliokauka, achana nayo, hata ikiwa bei ni ya kutupa.

Tatu, kama ni ya faiba, gongagonga kila mahali kwa kifundo cha kidole. Mahali pazima hulia sauti kavu, na mahali palipoachana tabaka zake hulia sauti nzito ya kufa.

Nne, fungua vifuniko vya shehena na utazame kuta za ndani zinazotenga mbele, kati na nyuma. Kuta hizo ndizo zinazozuia kayaki isijae maji na kuzama. Kayaki isiyokuwa nazo, wala mifuko ya hewa badala yake, haifai kuingia baharini.

Tano, tia ndani ndoo moja au mbili za maji matamu, uiinamishe huku na huku, na utazame nje panapolia machozi. Tia alama kwa kalamu. Muuzaji akikataa jaribio hili, umekwisha jibiwa.

USIPOZIBA UFA

Kila mtu shuleni alifundishwa kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Baharini hakuna hata nafasi ya kujenga ukuta.

Ufa wa faiba mtu mwenye subira anaweza kuuziba mwenyewe. Osha mahali hapo kwa maji matamu ili kuondoa chumvi yote, kisha iache kayaki kivulini ikauke kabisa, hata siku mbili. Faiba yenye unyevu haishiki rezini. Sugua kwa msasa mpaka upite sehemu inayong'aa, ukienda sentimita 5 hivi kila upande wa ufa. Kata vipande vitatu vya kitambaa cha faiba, kila kimoja kikubwa kidogo kuliko chenzake. Changanya rezini na dawa ya kugandisha kwa kipimo kilichoandikwa kwenye mkebe, wala usibahatishe. Changanya kidogo kidogo, kwani kwa joto la pwani huganda upesi. Paka, bandika, kandamiza mapovu ya hewa yatoke, kisha bandika kingine. Ikikauka, sugua tena na uipake rangi.

Kazi hiyo ifanywe uwanjani penye hewa, ukiwa umevaa glavu na kitambaa cha kufunika pua. Mvuke wa rezini ni mbaya kwa mapafu na unga wa faiba huwasha mwili. Watoto wasikaribie.

Plastiki ni habari nyingine. Usipoteze pesa kununua gundi, kwa sababu plastiki ya kayaki haishiki gundi vizuri. Dawa yake ni kuchomelewa kwa moto kwa kutumia ufito wa plastiki ya aina ile ile. Mafundi wa jua kali wanaotengeneza matangi ya maji na bampa za magari wanaijua kazi hii. Mwambie fundi atoboe kitundu kidogo kila mwisho wa ufa kabla ya kuchomelea, ili ufa usiendelee kutambaa.

Wala usidhani plastiki iliyozeeka ni takataka. Mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakiongozwa na Ali Skanda waliteremsha majini jahazi liitwalo Flipflopi, lililoundwa kwa plastiki iliyookotwa, na mwaka 2019 likasafiri kutoka Lamu hadi Zanzibar. Kilichofanya kazi pale ni ufundi na utunzaji.

Ikiwa tumbo la kayaki ya plastiki limebonyea kwa kuwekwa vibaya, usiligonge kwa nyundo. Iache juani saa sita mchana, na plastiki ikilainika, sukuma polepole kutoka ndani kwa mikono.

UTUNZAJI WA KILA SAFARI

Mabaharia wa zamani walikuwa na nidhamu yao. Mtepe, dau na jahazi vilipandishwa pwani kwa wakati wake, vikatiwa kalafati kwenye mianya, vikapakwa sifa kwa juu na deheni kwa chini. Hawakungoja chombo kivuje. Kayaki haitaki sifa wala deheni, lakini yataka nidhamu ile ile.

Kila utokapo baharini, ioshe yote kwa maji matamu, ndani na nje. Usisahau mahali pa kuegemeza miguu na waya za usukani, kwani chumvi na mchanga hukazana hapo mpaka vikagoma. Fungua vifuniko vyote hewa ipite. Kifuniko kikifungwa na unyevu ndani, mpira wake huoza. Usiupake mpira huo jeli ya mafuta unayojipaka mwilini, kwa sababu huulainisha na kuuharibu.

Ihifadhi kivulini, ikilala ubavu au kifudifudi juu ya mikanda mipana. Usiitundike kwa ncha zake mbili, maana itajipinda kama upinde. Mnaoishi kwenye fleti jijini mnaweza kuiweka ukutani penye gari, mradi jua lisiifikie.

Mara moja kwa mwaka badilisha kamba za juu ya sitaha. Zitazame skurubu, na zile zenye kutu uweke za chuma kisichoshika kutu. Kamba ya shilingi chache ndiyo utakayoishika siku utakayopinduka.

IJUE PEPO, YAJUE NA MAJI

Sasa tuje kwenye safari yenyewe. Mwenye gari hutazama hali ya barabara. Mwenye kayaki hutazama mambo mawili, pepo na maji.

Upepo wa kaskazi huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kwa kawaida bahari huwa ya kuvumilika zaidi. Upepo wa kusi hushika kuanzia Aprili hadi Septemba, nao hufikia ukali wake kati ya Juni na Agosti. Kati ya pepo hizo kuna matlai, kipindi cha utulivu cha Oktoba na Novemba. Kwa hiyo mzazi, likizo ya Agosti si wakati wa kumpeleka mtoto nje ya mwamba kwa kayaki. Mwezi huo baki ndani ya hori lililokingwa. Hata wakati wa kaskazi, upepo huelekea kuongezeka baada ya adhuhuri, basi panga kazi yako yote iwe ya asubuhi.

Maji ya pwani yetu hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi kuliko jana. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana. Tofauti kati ya kujaa na kupwa huweza kupita mita 3. Katikati ya nyakati hizo huja maji mafu, ambayo mwendo wake ni mdogo.

Hapa pana siri ambayo kila mvuvi anaijua na wageni wengi hawaijui. Kwetu, siku za bamvua maji hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na hukauka mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Siku za maji mafu mambo huwa kinyume, maji hujaa mnamo saa nne au saa tano asubuhi. Ukiutazama mwezi ukiwa Nairobi, unaweza kuchagua wiki ya kwenda kabla hata ya kununua tiketi! Saa kamili zitafute katika jedwali la maji la bandari ya Kilindini.

Maji hayapwi kwa mwendo mmoja. Igawe tofauti ya kujaa na kupwa mafungu 12. Saa ya kwanza hushuka fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, na ya sita 1. Ikiwa tofauti ni mita 3, saa ya tatu peke yake maji hushuka sentimita 75. Maji hayo yote hupitia mlango wa hori, na ndipo mkondo unapokuwa mkali kuliko mikono ya mtoto, na pengine kuliko ya baba yake.

MFANO: HORI LA MIDA

Tuchukue mfano wa Mida, karibu na Watamu. Ni hori pana lililozungukwa na mikoko, si mbali na msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede. Ndege wengi wa ng'ambo huja kupitisha hapo majira ya baridi ya kwao. Sehemu hii ni hifadhi chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, hivyo uliza ada na masharti mapema.

Uzuri wa Mida ndio mtego wake. Maji yakipwa, sehemu kubwa hubaki tope tupu, na aliyejisahau ndani ya mikoko hukaa hapo saa nyingi akichomwa na jua. Na aliye karibu na mlango huvutwa kuelekea bahari kuu.

Chagua basi siku ya maji mafu. Tuseme maji yatajaa saa tano asubuhi. Anza saa tatu, ukiingia ndani pamoja na maji yanayojaa, ili yakusukume. Asiyezoea huenda kilomita 3 au 4 kwa saa, basi usipange kupita kilomita 3 kwenda na 3 kurudi. Fika unakokwenda saa nne na nusu, pumzika, watazameni ndege. Maji yanapoanza kugeuka, geukeni nayo, nayo yatawarudisha taratibu. Mahali pa kuteremkia pawe ndani ya hori, mbali na mlango, na wote muwe mchangani kabla ya saa sita na nusu. Kwa njia hiyo mkondo unapopata nguvu, nyinyi mtakuwa mkila samaki.

Kabla ya hayo yote, nenda kwa ofisi ya wavuvi ya ufuo huo, yaani BMU, uwasalimu wazee na uwaulize mkondo ukoje. Anza na "Shikamoo, mzee," kisha nyamaza usikilize. Na ikiwezekana mlipe kijana wa pale awatangulie.

KARATASI MOJA YA KUACHA NCHI KAVU

Andika kwenye karatasi majina ya wanaokwenda, rangi ya kayaki, mahali pa kuanzia, mnakokwenda, saa ya kurudi, na saa ya kuomba msaada ikiwa hamjaonekana. Mwachie mtu mzima anayebaki nchi kavu. Saa hiyo ikipita, asingoje wala asione haya. Apige 999 au 112 na awaarifu wavuvi wa karibu. Kenya ina kituo cha kuratibu uokoaji baharini mjini Mombasa, na tangu 2018 ina Huduma ya Walinzi wa Pwani. Lakini hakuna awezaye kumtafuta mtu ambaye hakuna anayejua kuwa amepotea.

Kila mtu awe amevaa jaketi la kuelea lililofungwa mikanda, si lililokaliwa. Kila jaketi liwe na firimbi. Chukueni maji ya kunywa lita 2 hivi kwa kila mtu, kofia, shati la mikono mirefu, viatu vya kukinga miguu na matumbawe, kata ya kufua maji, kafi la akiba, na simu ndani ya mfuko usioingia maji. Zisipungue kayaki mbili.

IKIPINDUKA

Jambo hili lifanyieni mazoezi kwenye bwawa la kuogelea huko huko jijini kabla ya safari. Ikipinduka, toka, shika kamba ya kayaki, na usiiachie. Chombo kilichopinduka huonekana kwa mbali na huelea, lakini kichwa cha mtu hakionekani. Usijaribu kuogelea hadi pwani, hata ikionekana karibu. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ya Mtongwe ilizama si mbali na gati, na watu zaidi ya 270 wakafa. Ukaribu wa nchi kavu si usalama.

Mwenzako aje, mwinue omo ya kayaki maji yamwagike, muigeuze, kisha aishike imara wakati wewe unapanda kwa tumbo. Rudieni mpaka kila mmoja aweze. Asiyeweza bwawani hataweza baharini, na hakuna aibu yeye kubaki ufuoni safari hii.

Wahenga wa pwani walisema mwanamaji wa Kwale kufa maji mazoea. Hawakumkusudia mgeni anayeogopa bahari, walimkusudia aliyeizoea mpaka akaacha kuiheshimu. Basi hata ukishakwenda mara kumi, safari ya kumi na moja tazama tena mwezi, gonga tena faiba, vuta tena kamba, na uandike tena karatasi yako. Ukiona upepo umebadilika asubuhi hiyo, waambie watoto kwamba leo tunajenga nyumba za mchanga. Watanuna kidogo, lakini kesho mtakwenda nao.

Safari njema!